Mahali Pasipopigwa

Rungu la Mghoi lilitua kwenye bega la mtu wa kwanza kabla jua halijafika kwenye paa la ghala, na mtu huyo akapiga mwayo. Akampiga tena begani, akampiga mgongoni, akampiga mbavuni kwa nguvu ambayo ingemlaza ng'ombe, na jamaa akawa anafikicha macho na kuuliza kama uji umeiva.

"Geuka," Mghoi akamwambia.

"Leo umeamka mnyonge, dada. Sikusikii kabisa."

"Siku utakayonisikia ndiyo uanze kuogopa."

Hivyo ndivyo siku zilivyoanza Langoni, juu ya Mlima Kilighu. Wanaume walipanga foleni vifua wazi na kungoja kipigo chao kama watu wengine wanavyongoja chai. Hawakuwa wakiadhibiwa. Walikuwa wakitunzwa.

Tazama kiganja cha mkulima. Jembe linamsugua, ngozi inajibu kwa kuota sugu. Kinachoota pale ni keratini, protini ile ile ambayo mwili hutengenezea nywele na kucha, ng'ombe akatengenezea pembe na kwato, na kuku manyoya yake. Ngozi ya kawaida hujibu kwa uchoyo, na ukiweka jembe chini inasahau. Sindano waliyodungwa askari wa Langoni iliuondoa uchoyo huo. Ngozi yao ikipigwa hujibu kwa pembe, tabaka juu ya tabaka, ya kahawia, nene kuliko kidole gumba. Isipopigwa hulegea na kubanduka kama gome la mpera. Risasi ikigonga pembe iliyokomaa hukwama humo humo, na hewa hunuka kama kuku anayebabuliwa.

Gharama yake ilikuwepo, bila shaka. Mwili uliomimina keratini yote kwenye pembe haukubaki na ya nywele, kwa hiyo hakuna askari aliyekuwa na hata ukope. Tena pembe haisikii kitu. Mmoja wao aliwahi kulala chali kivulini, akaamka na kukuta kuku ametaga juu ya tumbo lake. Mlima mzima ulicheka wiki nzima, isipokuwa mke wake.

Na yote haya yalikuwa kwa ajili ya maji. Mvua iliihama nchi ya chini tangu enzi za bibi yake Mghoi. Kilichobaki ni ukungu wa mlimani, unaonaswa kwa nyavu na kutiririka hadi bwawani, na njia ya kufika bwawani ilikuwa moja tu, ufa kati ya majabali mawili. Askari wakisimama humo bega kwa bega, ufa unakuwa ukuta. Watu wa bondeni walipewa maji ya kuhesabu, na mwaka huo hata hayo ya kuhesabu yalikuwa yamekatwa.

Mghoi mwenyewe hakudungwa sindano. Mpigaji hadungwi. Baada ya rungu hupapasa kwa ncha za vidole na kugonga kwa ukucha, maana pembe iliyoiva hulia kavu na pembe changa hurudisha joto, na vidole vyenye sugu haviwezi kujua tofauti. Na sheria ya Langoni ilitaka kila askari apigwe na mtu wa kwao wa damu akiwepo, na wasio na ndugu mpigaji walikuwa kwenye foleni ya Mghoi. Waliamini kwamba mgeni atakuonea huruma, lakini ndugu yako, anayetaka urudi nyumbani hai, atakupiga bila kukuhurumia. Ilikuwa imani nzuri. Ila walioitunga hawakumjua Mghoi.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Mwadime, mdogo wake. Alijilaza chali kwenye benchi la mawe, akafumba macho. Mghoi akampiga mabega, akampiga tumbo, akampiga upande wa kulia wa kifua hadi mkono ukamuuma. Alipofika chini ya chuchu ya kushoto, akatazama nyuma yake, akaliinamisha rungu pembeni na kupiga jiwe.

Pale hapakuwa na pembe. Palikuwa na ngozi, eneo la kiganja kimoja, laini na ya joto, na moyo ukigonga chini yake. Siku ya kwanza ya kumpiga, Mwadime alilia "Dada!" kwa sauti ile ile aliyolia nayo utotoni alipokuwa akitolewa miiba, na mkono wa Mghoi ukakataa. Baadaye Saru, mke wa Mwadime, akaja kwake na tumbo la mimba lililomtangulia. "Wifi, mwachie hapo tu," akamwambia. "Nisipokuwa na hata mahali pa kuweka mkono, nitakuwa nimeolewa na mlango." Basi Mghoi akafanya alilofanya. Alichukua unga wa pembe unaodondoka askari wanapopigwa tupa, akauchanganya na gundi ya mti, akafinyanga kifuniko. Kila asubuhi alikibandika mahali pake. Mkuu wa Lango, Afande Mwaluma, alikwisha kukigonga kwa kidole na kukisifu.

Saru alikuwa amekaribia na mtoto wao, Wakio, ambaye meno yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza. Kabla kifuniko hakijabandikwa, akamweka mtoto juu ya kifua cha baba yake, kama desturi yao. Wakio akatambaa, akakwaruza pembe bila kuitikiwa na mtu, akakwaruza tena, halafu kucha zake ndogo zikafika pale penye ngozi.

"Nani huyu?" Mwadime akasema bila kufumbua macho, na kicheko kikaanza kumtikisa. "Nani kaniletea paka hapa?"

Mtoto akacheka, Saru akacheka, na hata Mghoi, aliyekuwa akichunga njia, alicheka.

*

Afande Mwaluma alikuja anachechemea. Alikuwa mtu mzima, pembe zake zilikwisha kuota hadi katikati ya mbavu, na kila akivuta pumzi zilisagana.

"Wanapanda," akasema. "Wengi kuliko siku zote. Mwadime, wewe utakaa katikati."

"Afande, katikati ni mahali pako," Mghoi akadakia.

"Palikuwa pangu nilipokuwa napumua. Sasa nitakaa ubavuni kwake. Kifua kama cha huyu hakuna mwingine Langoni, na wewe ndiye uliyekitengeneza, mwanangu. Nakushukuru."

Akaondoka.  Mghoi alimvuta mdogo wake nyuma ya jabali.

"Nitamwambia. Nitamwambia sasa hivi kwamba una tundu kifuani."

"Mwambie. Atakuvunja vidole, ndiyo adhabu ya mpigaji. Mimi atanifukuza mlimani na Saru na mtoto. Halafu katikati atasimama nani? Atarudi yeye mwenyewe, na hawezi kupumua."

"Ningekupiga tangu mwanzo, Mwadime. Nilikuonea huruma. Nimekuua kwa huruma."

"Sijafa bado." Akatabasamu, uso wake mzima bila nyusi. "Dada, wewe unadhani ulinidanganya? Kila asubuhi nasikia rungu likipiga jiwe karibu na sikio langu. Ningetaka ningesema. Sikutaka. Hapo ndipo ninapojua kama ni asubuhi ya baridi au ya joto. Nibandike kifuniko, twende."

Akambandika. Kwa haraka gundi ikamwagika, na kifuniko kikakaa upande kidogo.

*

Watu wa bondeni walipanda mchana kweupe bila kujificha, na hilo ndilo lililomtia Mghoi hofu. Zamani walikuja wakinyatia, na bunduki kuukuu za kurithi. Safari hii walikuja wamejifunga madumu matupu migongoni kwa leso, kama watu wanaokwenda kuteka maji, na kwa kweli ndiko walikokuwa wakienda. Mikononi walishika kamba na miti mirefu. Kwenye ncha za miti walikuwa wamefunga keekee za betri, zile ambazo mafundi hutobolea kuta.

Ukuta uliwapokea. Kwa muda mambo yalikwenda kama yalivyozoeleka. Mapanga yaligonga vifua yakaruka, na askari wakajibu kwa viwiko. Kiwiko cha pembe kikimpata mtu tayani, taya halirudi mahali pake. Mghoi alisimama nyuma yao, mahali pa mpigaji, akitazama nani amepasuka wapi ili amvute nyuma. Aliona bega limechanika, akapiga kelele, mtu akabadilishwa. Aliona mtu wa bondeni akikanyagwa na wenzake na askari pia, akiomba, kisha hakuomba tena. Hewa ilijaa harufu ya kuku wa kubabuliwa.

Kisha kamba zikarushwa. Moja ilinasa miguu ya Afande Mwaluma, watu wakaivuta kwa pamoja, na mzee akaanguka kama kabati. Mtu wa pembe akianguka chali si mwepesi wa kuinuka. Wawili wakamkalia mikono, wa tatu akamwekea keekee chini ya kidevu. Ililia kwa sauti nyembamba, ikatoa vumbi jeupe. Mzee alitazama juu kwa mshangao, maana alisikia kelele na hakusikia maumivu. Halafu mlio ukashuka, ukawa mzito, na vumbi likawa jekundu. Miguu yake ikapiga ardhi, ikaendelea kupiga, ikaacha.

"Zibeni pengo! Zibeni!" Mghoi alipiga ukelele hadi sauti ikakatika.

Pengo halikuzibwa upesi. Kamba nyingine ilimpata Mwadime gotini. Alipoanguka, mtu mmoja aliruka juu ya kifua chake na keekee ya mkononi, akaiweka upande wa kushoto, labda kwa kuwa aliona kile kifuniko kimekaa vibaya. Kikapasuka vipande vitatu. Chini yake palikuwa na ngozi ya mtu, na yule aliyekuwa juu alisita, kana kwamba amefungua mlango na kumkuta mwenye nyumba hajavaa. Halafu akakaza mkono. Mwadime alipiga yowe. Langoni hawakuwa wamesikia mtu wa pembe akipiga yowe la namna ile.

Mghoi alikuwa amekwisha fika. Alipiga kichwa cha yule aliyekuwa juu ya mdogo wake, kama anavyopiga kila asubuhi, si zaidi. Lilikuwa pigo lile lile ambalo askari hulipokea wakipiga mwayo.

Sauti haikuwa ile anayoijua. Rungu halikurudi juu, lilizama. Mtu yule alianguka kando na dumu lililokuwa mgongoni mwake likagonga jabali. Mghoi akaona kwamba ni msichana, wa umri wa kuolewa, au kidogo chini ya hapo. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba kwa uzi wa buluu, kazi ya kutwa nzima. Kuna mtu aliyemkalisha kitako akamsuka kwa ajili ya safari hii. Mistari ile sasa ilikuwa imefumuka upande mmoja, na kilichokuwa chini yake Mghoi alikiona chote.

Mkono wa msichana ulikuwa bado unachezacheza. Kucha zake zilikuwa na hina.

Kilichowaokoa watu wa mlimani siku ile hakikuwa ushujaa. Betri zilikwisha. Keekee moja ikazima, nyingine ikazima, na watu wa bondeni wakabaki wameshika miti. Askari wakawasukuma hadi chini, wakivunja walichokifikia. Mghoi hakwenda kutazama. Alikuwa amekaa kati ya mdogo wake na msichana, mkono mmoja ukiziba tundu la kifuani, mwingine bado umeshika rungu.

*

Keekee iliteleza kwenye ubavu na kuukosa moyo. Saru alisafisha kidonda kwa maji ya moto na chumvi, akakifunga, na wote watatu wakakaa chumbani, mtoto akinyonya.

"Kikipona, dada," Mwadime akasema, "unipige hapo. Unipige kweli."

Saru akainua kichwa. "Afande alikuwa na pembe mwili mzima. Imemsaidia nini?"

"Ilimpa muda. Wenzetu wangewahi kumfikia, angeokoka. Mimi chuma kilinigusa na papo hapo kikawa ndani. Saru, mimi nilikuwa naongea na moyo wangu ana kwa ana. Sitaki tena."

"Ulisema hapo ndipo unaponisikia."

"Nilisema." Meno yake yalikuwa yakigongana. "Sasa nakwambia nimeogopa. Mume wako ameogopa. Kila nikifumba macho naisikia inazunguka. Na vijana wamekuja kuniambia mimi ndiye nitakayekaa mahali pa mzee. Mkuu wa Lango anayetetemeka ni mkuu gani?"

 Mghoi aliusemesha ukuta.

"Nilimpiga pigo la asubuhi. La kawaida. Miaka yote hii napiga watu, na sikuwa najua rungu hufanya nini." Akamgeukia mdogo wake. "Alikuja na dumu, Mwadime. Tukiwapa maji?"

"Tukiwapa?"

"Tuwape. Wateke, warudi kwao. Hapatakuwa na haja ya wewe kupigwa, wala ya mimi kupiga."

 Mwadime akaweka kiganja juu ya bendeji. "Unaona? Swali hilo likiulizwa, linaniuma hapa. Hata pale langoni liliniuma. Na nikiwa nawaza hivyo pale katikati, nitakufa, na nyuma yangu mtavamiwa nyinyi wote." Akamtazama mtoto. "Nipige, dada. Ukinipenda, nipige."

Saru alitoka na mtoto bila kuaga. Mghoi alibaki pale, na akili yake ikawa inakwenda na kurudi kama mbuzi aliyefungwa kamba. Akimwacha laini, atamzika. Akimpiga, hajui atamzika nani, ila anajua kuna mtu atakayekuwa hayupo tena. Alitamani mtu mwingine ashike rungu, na hakukuwa na mtu mwingine wa kwao. Alitamani mkono wake ukatae kama ulivyokataa siku ya kwanza. Aliutazama. Ulikuwa umetulia tuli, na hilo lilimuumiza kuliko yote.

*

Asubuhi ya kwanza kidonda kilipofunga, Mwadime alilia. Alilia wazi wazi, foleni nzima ikisikia, na askari wakageuza nyuso. Mghoi alipiga akisaga meno, machozi yakimchuruzika hadi shingoni, na hakupiga jiwe hata mara moja. Asubuhi zilizofuata Mwadime aliendelea kulia. Ngozi ilivimba, ikawa nyekundu, ikawa ya manjano, kisha ikaanza kukakamaa pembezoni na kuelekea katikati, kama maziwa yanayoganda. Kila siku Mghoi alipapasa kwa vidole, na kila siku joto lilikuwa limerudi nyuma kidogo. Kuna siku lilikuwa na upana wa sarafu. Aliweka kidole pale, akakiacha kwa muda kuliko kazi ilivyohitaji.

Siku nyingine akainua rungu, akapiga, na Mwadime akapiga mwayo.

Mghoi aligonga kwa ukucha. Ililia kavu. Akasema, "Imeiva," na foleni ikashangilia.

Mkuu mpya wa Lango alibaki amelala kwenye benchi la mawe, macho yamefumbwa, akitoa amri zake za siku hiyo kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Miili iliyobaki ufani itupwe chini. Watakaokuja na madumu wasisubiriwe wafike langoni. Waangushiwe mawe wakiwa bado njiani, wanawake na wote. Hakuna aliyebisha. Mghoi alingoja aone kama kuna kitu kitakachosogea usoni mwa mdogo wake, na hakikusogea kitu.

Saru alikuja na Wakio mkononi. Hakusalimu. Alimweka mtoto juu ya kifua cha baba yake, pale pale, kama desturi yao, akarudi nyuma hatua chache. Alikuwa hajakata tamaa, maskini. Mghoi aliliona hilo usoni mwake na akataka kukimbia.

Wakio alitambaa. Akakwaruza pembe, akakwaruza tena, akafika chini ya chuchu ya kushoto mahali alipopazoea. Kucha zake zikaanza kazi. Alikwaruza, akasubiri, akainua uso kumtazama baba yake. Akakwaruza kwa mikono yote miwili. Midomo ikaanza kumcheza.

Mwadime alikuwa bado amefumba macho. Jua la asubuhi lilimwangaza, naye alionekana kama mtu aliyepumzika vizuri.

"Saru," akaita, kwa upole kabisa. "Upo hapo? Mtoto yuko wapi? Mlete basi nimpakate."